Kati ya Nne na Nane

Shangazi yangu alikuwa fundi wa redio za ndege kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda ndege ikapaa naye. Alisema anazijua ndege kama daktari wa meno anavyowajua watu: kinywa tu, mengine ni ya wenyewe. Karakana yake ilikuwa mwisho wa uwanja mdogo, chumba cha bati chenye meza ndefu iliyojaa alama za kuungua, feni iliyozunguka ikilalamika, na ukutani karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: SINDANO HAINA RAFIKI.

Sindano hiyo si ya cherehani, ingawa mumewe alikuwa fundi cherehani na majirani walizoea kusema kwamba nyumba ile nzima inaishi kwa sindano na nyuzi. Mume alikata nyuzi za pamba. Mke alipima nyuzi za pembe, zile ambazo duara moja lina mia tatu na sitini.

"Wewe kwa nyuzi nne unasimamisha ndege," mumewe alimchokoza. "Mimi nyuzi nne hazinishonei hata kifungo."

Miaka hiyo ndege ndogo nyingi hazikuwa na vifaa vya setilaiti. Rubani aliongozwa na mnara wa redio uliosimama kilimani karibu na uwanja, ukirusha mawimbi pande zote. Ndani ya ndege kulikuwa na chombo cha mviringo, mfano wa saa ndogo, chenye tarakimu pembeni na sindano katikati. Rubani alichagua tarakimu ya njia yake, kisha akaruka akihakikisha sindano haiyumbi kushoto wala kulia. Sindano ikitulia, yuko njiani. Ubaya wake ni kwamba chombo kikiwa na kasoro, sindano hutulia vilevile, tena kwa adabu zote, huku ndege ikienda kwingine.

Mafundi walikuwa na hesabu yao ya haraka: kila uzi mmoja wa kosa, ukisafiri maili sitini, unakutoa njiani maili moja. Kanuni iliruhusu kosa lisilozidi nyuzi nne. Likizidi, chombo kinafungwa na ndege inabaki chini. Na maili sitini kutoka pale, njia iliyotumiwa sana ilipita kando ya eneo lililozungushiwa mstari mwekundu kwenye ramani, eneo la jeshi, marufuku kwa ndege za kiraia. Kati ya njia na mstari ule palikuwa na maili sita. Mtu mwenye kosa la nyuzi nne alipita salama bila kujua. Zaidi ya sita, alikuwa anaingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Marubani walimwita shangazi Mama Breki. Alilibeba jina hilo kwa tabasamu, lakini nyumbani aliwahi kumwambia mumewe kwamba linamchoma. Wiki ninayoisimulia, alikuwa ameisimamisha ndege moja mara mbili. Jumatatu kwa waya uliolegea, Jumatano kwa redio iliyokwaruza. Rubani wake, Kapteni mmoja mcheshi ambaye hakuweza kutembea hatua kumi bila kupiga mluzi, aliwashusha abiria siku hiyo ya Jumatano, akamwelekezea shangazi mkono kama mshereheshaji.

"Mabibi na mabwana, mshukuruni Mama Breki! Kwa hisani yake leo mtaenda kwa miguu."

Abiria wakapiga makofi. Shangazi akacheka nao. Alirudi karakana akafunga mlango, akakaa.

Ijumaa asubuhi ndege ileile ilitakiwa kumpeleka mpima ardhi mmoja na fundi wa visima. Zamu ya kupima chombo cha njia ilikuwa imefika. Ukingoni mwa lami palichorwa duara la njano, na ndege ikisimama juu yake, chombo kizima kinapaswa kusoma tisini. Kazi ile inahitaji watu wawili, mmoja kwenye kiti akisoma chombo, mwingine juu ya ngazi kwenye mkia akishughulika na antena. Fundi mwenzake alikuwa likizo, kwa hiyo akamwomba mtunza stoo.

Mtunza stoo walimwita Babu Skrubu. Alikuwa amekaa kwenye stoo ile tangu uwanja ulipokuwa na lami nusu. Ungemwonyesha skrubu gizani angekwambia imetoka ndege gani na nani aliipoteza. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo, na alisema ameyaazimisha, yatarudishwa kwa saini.

"Binti yangu, leo unanipandisha cheo," alisema akijikunja kuingia kwenye kiti cha rubani. "Nikiona kitufe cha kupaa nitakibonyeza, nikafie mbele."

"Wewe zungusha tu tarakimu mpaka sindano ikae katikati, Babu. Kisha nisomee."

Shangazi akapanda ngazi. Alisafisha kiungo cha waya wa antena, akakikaza, akapiga kelele kuwa tayari. Hatua chache kutoka pale ndege nyingine ilikuwa inapasha injini na upepo wake ulimpeperusha ovaroli. Babu akachungulia dirishani.

"Tisini na nane!"

Shangazi alisikia. Hili alinieleza mara nyingi na kila mara kwa maneno yaleyale: alisikia. Halikuwa jambo la masikio. Lakini papo hapo akaona Kapteni anakuja kutoka ofisini na abiria wake wawili nyuma, anapiga mluzi, mkono mmoja umeshika ramani na mwingine unamtisha kwa mbali kama mtu anayevuta breki ya mkono. Naye, akiwa bado juu ya ngazi, akauliza swali kwa namna alivyotaka lijibiwe.

"Tisini na nne, siyo?"

Babu naye, katika kelele ile, alisikia neno lake mwenyewe likirudishwa. Akainua kidole gumba. "Eee!"

Kutoka ngazi mpaka dirishani ni hatua tano. Angeweza kwenda kuchungulia. Alishuka, akakifungua kitabu cha ndege juu ya bawa, akaandika 94. Kosa, nyuzi nne. Linaruhusiwa. Akatia saini, akapiga muhuri.

"Mama Breki, tumefungwa au tumeachiwa?" Kapteni aliuliza.

"Nenda zako. Leo breki imekufa."

Wote wakacheka, na yeye kuliko wote. Alinambia ile ndiyo asubuhi aliyojisikia mtu wa kawaida kazini.

Siku hiyo mawingu yalitanda chini ya ndege kama godoro, rubani asione hata mto mmoja wa kumthibitishia alipo. Aliifuata sindano. Baada ya maili sitini alikuwa maili nane nje ya njia, yaani maili mbili ndani ya mstari mwekundu. Sauti ikaingia redioni ikamwamuru ajitambulishe. Kisha ndege ya jeshi ikaja ubavuni mwake, karibu kiasi cha kuiona kofia ya rubani wake, ikamwongoza mpaka uwanja wa kambi. Walishushwa mikono juu. Mpima ardhi alikuwa na kamera ya kazi, na kamera hiyo ikawa kaa la moto. Walishikiliwa siku tano. Abiria waliachiwa kwa barua ya onyo. Kapteni alirudi bila leseni, akisubiri kamati ya uchunguzi.

Mtaani hawakusubiri kamati. Wengine walisema alikuwa mlevi, wengine kwamba alitumwa kupiga picha. Watoto wa jirani yake walimwita Jasusi, na mkewe akawa anatuma mtu dukani badala ya kwenda mwenyewe.

Wakaguzi waliipima ndege kule kambini wakakuta chombo kinakosea nyuzi nane. Kitabu kilisema nne. Hapo kukazaliwa maneno mawili. Ama chombo kiliharibika angani, na hapo rubani mwangalifu alipaswa kung'amua mapema, ama kilikuwa kibovu tangu ardhini na msomaji akakosea. Kwa vyovyote kitabu chenyewe hakikutiliwa shaka. Mwandiko wa Mama Breki, nani angeutilia shaka? Mwanamke aliyesimamisha ndege kwa waya uliolegea!

Kapteni alikuja siku moja kuchukua vitu vyake kabatini. Hakuwa anapiga mluzi. Alisimama mlangoni mwa karakana na mfuko wa plastiki wenye viatu na kikombe.

"Mama Breki, nikuulize kitu kimoja. Chombo kile kilikuwa sawa, siyo?"

"Kitabu kinasema nyuzi nne," shangazi alijibu.

"Eee. Basi ni mimi. Labda kilianza kunionyesha dalili, nikawa nawapigia abiria hadithi." Akautazama ule mfuko. "Mke wangu anasema nilishazoea mno. Pengine."

Akaondoka. Shangazi alibaki ameshika bisibisi, na alipojaribu kukaza skrubu iliyokuwa mbele yake aligundua ameshaikaza.

Babu Skrubu ndiye aliyelichukua jambo lile akalitia moyoni. Mtu angemuuliza siku ileile, angesema nane bila kusita. Lakini hakuulizwa siku ileile. Aliulizwa baada ya siku kumi, na kwanza alionyeshwa kitabu. "Kama kitabu kinasema nne, basi nilisema nne," alijibu, na kuanzia hapo akakumbuka hivyo. Kalamu ya shangazi ilikuwa imeingia kichwani mwa mzee wa watu ikafuta alichokiona kwa macho yake.

Alimwendea karakana na makasha kadhaa ya skrubu.

"Binti yangu, simama pale mlangoni unishikie haya moja moja, nisome namba. Nijue kama ni macho."

Shangazi akasimama. Babu akasoma namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kwenye kasha dogo kuliko yote. Hakukosea hata moja.

"Macho yako mazima, Babu."

Mzee akashusha mabega. "Basi ni akili," akasema taratibu. "Heri yangekuwa macho. Macho yana miwani."

Shangazi alikuwa na sentensi nzima mdomoni, maneno matatu tu: ulisema nane, Babu. Lakini nyuma ya maneno yale aliuona muhuri ukichukuliwa, na wale waliomwita Breki wakitafuta jina baya zaidi. Akasema, "Usijitese." Hilo ndilo alilotoa.

Babu akaacha utani. Yale meno hayakutajwa tena. Mtu akiomba boliti sita, alihesabu sita, akazirudisha sahanini, akahesabu tena, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nyumbani mumewe aliona. Shangazi alikuwa anaacha chakula, anakaa na leso mkononi haipangusi chochote. Jioni moja, jua halijazama bado, mume akasimamisha cherehani.

"Mama watoto, mimi kitambaa kikikatwa vibaya nakijua kabla hakijavaliwa. Nini?"

Akamweleza yote. Mume akauchukua mkasi.

"Wanajua?"

"Hakuna anayejua."

"Basi…" Akauzungusha mkasi kidoleni. "Sikwambii useme, sikwambii unyamaze. Ukisema, huo muhuri hauna wa kukurudishia. Ila huko kwenye kamati usinitume, na humu ndani usiniombe nikutulize. Siwezi."

Alikasirika naye kwa jibu lile, kisha akajua kwamba ni la haki.

Siku moja kabla ya kamati, Babu alimletea barua. Karatasi ya mistari, mwandiko wa watu wa zamani, kila herufi imepiga magoti. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyesoma tarakimu, kwamba alisoma nne badala ya nane, na kwamba rubani asihukumiwe kwa kosa la mtunza stoo. Alibakiza miezi saba kustaafu.

"Nirekebishie Kiswahili," alisema. "Wewe umesoma. Hapa nimeandika 'kwa uzee wangu'. Nashindwa kuamua, niandike uzee au uzembe?"

Hapa ndipo shangazi alipokuwa akisimama kila aliponisimulia. Naandika kama alivyosema. Aliichukua barua. Akaisoma. Akaweka mkato mahali palipokosa mkato, akabadilisha "hasihukumiwe" kuwa "asihukumiwe", akatia nukta mwisho. Kisha akasema, "Uzee, Babu. Uzembe hapana," na akamrudishia.

"Ahsante, binti yangu. Nimepumua."

Hakulala vizuri, na wala sitaki kuyapamba mateso yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka yapambwe. Alisema kuteseka kulikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kufungua mdomo.

Kamati ilikaa katika chumba cha mikutano cha uwanja, meza ya plastiki ya kijani, chupa za maji, pazia lililokosa pete tatu. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Kapteni alikaa pembeni amevaa suti kubwa kuliko mwili wake wa siku hizo. Babu alikuwa benchi la nje, barua mfukoni, akisubiri zamu yake baada ya shangazi.

"Fundi, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika tisini na nne. Msomaji alikwambia tisini na nne?"

Shangazi alisema kwamba hapo alikuwa bado hajaamua. Watu hudhani mtu huamua kwanza halafu akasema. Yeye alijisikia akisema:

"Hapana. Alisema nane. Nilisikia nane."

Karani aliyekuwa anaandika kumbukumbu akainua kichwa. "Samahani, mama. Umesema nne au nane?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka.

"Nane," akasema shangazi. "Saba na moja. Nilisikia saba na moja, nikaandika nne."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu kubwa, ya kulingana na ndege ya jeshi na watu walioshushwa mikono juu. Hakuwa nayo. "Nilichoka kuitwa Breki," akajibu, na ndani ya chumba kile jibu lake lilisikika dogo kama lilivyo.

Walipopumzika, Kapteni akamkuta kwenye mlango.

"Siku ile ungenisimamisha, ningekutukana mbele ya watu," alisema.

"Najua."

"Ungenisimamisha hivyohivyo." Akapita.

Babu alikuwa bado kwenye benchi, amenyoosha suruali isikunjike. Shangazi akakaa kando yake.

"Babu, hawatakuita. Nimewaambia ukweli. Wewe ulisema nane. Nilikusikia."

Mzee aligeuka polepole. "Ulinisikia lini?"

"Siku ileile. Ukiwa kwenye kiti."

"Siku ileile." Akaitoa ile barua mfukoni, akaikunjua juu ya paja, akaweka kidole kwenye mkato alioongezewa. "Na hii ulinirekebishia."

Shangazi akakubali kwa kichwa.

"Wiki tatu, fundi," Babu akasema. Alimwita fundi. "Nimejiona chizi wiki tatu. Umenitilia hadi nukta."

Akaikunja barua kama ilivyokuwa, akairudisha mfukoni, akaondoka akishika ukuta.

Kapteni alirudishiwa leseni mwezi uliofuata. Shangazi alinyang'anywa muhuri kwa miaka miwili. Hawakumfukuza, maana mafundi wa redio hawaokotwi njiani, ila hawakuweza kumwacha karakana. Meneja, ambaye nadhani hakuwa na nia mbaya ila hakufikiri, akampangia stoo, awe msaidizi wa Babu Skrubu kwa ile miezi iliyobaki, ajifunze rafu kabla mzee hajaondoka.

Alikwenda. Stoo ilikuwa na rafu za chuma hadi darini, visahani vya skrubu vilivyopangwa kwa urefu, harufu ya mafuta na kadibodi. Babu alimfundisha kila kitu bila kuficha. Alimwitikia salamu, akampa kiti kizuri kati ya viwili vilivyokuwepo. Wafanyakazi wengine walidhani wamepatana, kwa kuwa hakukuwa na kelele. Lakini "binti yangu" haikurudi, na shangazi hakujiona ana haki ya kuidai.

Siku yake ya kwanza tu pale stoo aliomba msamaha. Babu alikuwa anafuta sahani kwa tambara.

"Nilishakusamehe," alisema. "Kusamehe si tatizo. Nipitishie lile kasha."

Wiki ya mwisho kabla hajastaafu, karakana iliagiza skrubu arobaini za kifuniko. Babu akazihesabu, tano tano, akazifikisha arobaini. Shangazi alikuwa anahesabu naye kimoyomoyo, na aliona kabisa kwamba ziko sawa. Mzee akasita. Akazikusanya kwa kiganja, akazirudisha sahanini.

"Ziko arobaini, Babu. Umehesabu sawa."

"Wewe unasema."

Akazimwaga tena mezani, akazihesabu, zikafika arobaini. Shangazi akafungua daftari la stoo, akaweka kalamu juu ya mstari.

"Andika arobaini," Babu akamwambia. Kisha kabla wino haujagusa karatasi, akanyoosha mkono. "Ngoja kwanza."

Akaanza upya, moja, mbili, tatu, midomo ikicheza, kidole kikisukuma kila skrubu peke yake. Shangazi akainua kalamu, akangoja.